DENI HALIKATWI KWA MKASI: Historia ya Baraa na Kadi ya Mkopo Isiyotumika

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Limekithiri miongoni mwa Waislamu wa mijini, na zaidi kwa ndugu zetu wanaoishi Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, suala lifuatalo. Mtu alichukua kadi ya mkopo ya benki miaka iliyopita. Akaitumia kidogo, au hakuitumia kabisa. Kisha Mwenyezi Mungu akamfungua moyo, akajua hukumu ya riba, akaikata kadi vipande viwili kwa mkasi na kuitupa jaani. Je, ameshatoka katika jambo lile? Wengi hudhani kuwa ametoka. Ukweli ni kuwa alichokikata ni plastiki tu. Mkataba uko pale pale, jina lake limo daftarini, na huenda deni limo pia.

Suala hili lina sura ya kisasa, lakini mzizi wake ni wa zamani. Tangu zama za Mtume (S.A.W.) Waislamu wamefundishwa kwamba deni lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kwamba anayetoka bila kupitia mlangoni hahesabiwi kuwa ametoka. Mafaqihi wakauita mlango huo wa kutokea *baraa*, yaani dhima ya mtu kuwa safi na haki ya mwenziwe. Katika makala hii tutaifuatilia historia hiyo, kisha tueleze namna ya kuifunga akaunti ya kadi kwa njia inayomsafisha mtu mbele ya benki, mbele ya warithi wake, na mbele ya Mola wake.

Deni katika zama za Mtume (S.A.W.)

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni. Imeamrisha deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa ndiye atoe imla ya anachodaiwa, na wawepo mashahidi. Tena ikatutaka tusichoke kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Jamhuri ya wanazuoni wameichukulia amri hiyo kuwa ni ya sunna na uongozi mwema, si ya wajibu. Hata hivyo hakuna aliyekhitilafiana nao katika hikma yake: maneno husahauliwa, watu hufa, na maandishi hubaki.

Huo ndio mlango wa kuingilia. Ama wa kutokea, tunauona katika kisa mashuhuri cha Abu Qatada (R.A.). Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Salama bin al-Akwa (R.A.) kwamba liliposogezwa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu na hakuacha cha kulilipa, Mtume (S.A.W.) aliwaambia Masahaba wamswalie wao. Abu Qatada akalichukua deni lile juu yake, ndipo Mtume (S.A.W.) akamswalia. Wengi wetu tunakisimulia kisa hiki na kuishia hapo. Lakini katika riwaya ya Jabir bin Abdillah (R.A.) aliyoipokea Imam Ahmad, ambamo deni limetajwa kuwa dinari mbili, kuna nyongeza muhimu sana. Mtume (S.A.W.) alimuuliza tena Abu Qatada baada ya siku moja kuhusu zile dinari, naye akajibu kuwa mtu amekufa jana tu. Siku iliyofuata akamuuliza tena. Alipoambiwa kuwa zimelipwa, ndipo akabainisha kuwa sasa maiti yule amepata ubaridi katika ngozi yake.

Tuzingatie jambo hili. Dhamana ilikwishatolewa, na mtoaji ni Sahaba mkweli. Pamoja na hayo Mtume (S.A.W.) alifuatilia mara mbili mpaka akapata uthibitisho wa malipo. Nia ya kulipa ni jambo moja, ahadi ni jambo la pili, na kufungwa kwa deni ni jambo la tatu.

Makka ilivyofunga hesabu za riba

Riba ya Jahiliyya ilikuwa na sura inayojulikana. Muda wa deni ulipofika, mwenye mali alimhiyarisha mdaiwa: ama alipe, ama aongezewe muda na deni liongezwe. Imam Malik ameitaja katika Muwatta kutoka kwa Zayd bin Aslam. Atakayeitazama kadi ya mkopo ya leo ataona utaratibu huo huo: taarifa ya mwezi inakuja, ukilipa yote umesalimika, usipolipa yote deni linasogezwa mbele na linazaa.

Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria (632 Miladia), Mtume (S.A.W.) alisimama Arafa akaitangaza riba yote ya Jahiliyya kuwa imefutwa, na akaanza na riba ya ami yake, al-Abbas bin Abdil Muttalib (R.A.). Nayo aya ya 279 ya Suratul Baqara ilikwishaweka mizani: anayetubia anabakiwa na haki ya rasilmali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe.

Kwa hiyo toba ya riba ilikuja na pande mbili tangu siku ya kwanza. Ziada imefutwa, lakini rasilmali imebaki kuwa haki ya mwenyewe. Aliyekuwa akidaiwa na al-Abbas hakuambiwa kuwa deni lote limekwisha. Hapa ndipo wanapokosea baadhi ya watu wanaosema: "Benki ni ya riba, basi nikiitupa kadi sidaiwi kitu." Kama ulinunua bidhaa kwa kadi na benki ikamlipa muuzaji kwa niaba yako, kiasi kile ni deni katika dhima yako.

Az-Zubayr na miaka minne ya kutangaza

Kisa kikubwa zaidi cha kufunga hesabu katika historia ya Masahaba ni cha az-Zubayr bin al-Awwam (R.A.), nacho kimepokewa kwa urefu na Bukhari kutoka kwa mwanawe Abdullah. Watu walikuwa wakimletea az-Zubayr mali zao awawekee amana. Yeye alikataa kuzipokea kama amana, kwa kuogopa zisipotee mikononi mwake na wenyewe wakakosa, akazipokea kama mkopo. Wenye elimu wanafahamu tofauti. Amana ikipotea bila uzembe, hasara ni ya mwenyewe. Mkopo uko katika dhima ya aliyeuchukua kwa hali yoyote. Alijitwika mzigo ili watu wasalimike.

Siku ya vita vya Jamal, mwaka wa 36 Hijria (656 Miladia), alimwita mwanawe akamweleza kuwa jambo linalomtia wasiwasi kuliko yote ni deni lake, akamwusia auze mali na alipe. Alipouawa hakuacha dinari wala dirhamu, isipokuwa ardhi na nyumba. Abdullah akahesabu deni akalikuta ni 2,200,000. Shamba la al-Ghaba, ambalo baba yake alilinunua kwa 170,000, akaligawa mafungu na kuliuza kwa 1,600,000. Abdullah bin Jaafar (R.A.), aliyekuwa akidai 400,000, alijitolea kusamehe. Abdullah bin az-Zubayr akakataa. Akajitolea kungoja, akakataa pia, na akamkatia sehemu ya lile shamba.

Deni zote alizozijua zilipomalizika, ndugu zake wakamtaka awagawie mirathi. Akaapa kuwa hatagawa mpaka atangaze katika msimu wa Hija kwa muda wa miaka minne, kwamba yeyote anayemdai az-Zubayr aje alipwe. Akafanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na miaka minne ilipotimia ndipo akagawa.

Abdullah hakutosheka na orodha aliyokuwa nayo mkononi. Alichelea kuwe na deni asilolijua, mahali asipopajua, la mtu ambaye hajapata habari. Kwa hiyo alikwenda pale wanapokusanyika watu wa kila mji, akawafikishia taarifa, akangoja jibu. Huo ndio ufungaji wa hesabu: kulipa, kutangaza, na kungoja mpaka ithibitike kuwa hakuna kilichobaki.

Kutoka hati ya sarafi hadi kadi ya plastiki

Mafaqihi waliofuata waliyajenga haya kuwa elimu kamili iitwayo *ilmu sh-shurut*, elimu ya kuandika hati. Imam at-Tahawi, aliyefariki mwaka 321 Hijria (933), ni miongoni mwa waliotunga vitabu katika fani hiyo. Ndani yake haziandikwi hati za mauziano na mikopo tu, bali pia hati za kukiri kupokea na za kuondoa dai. Katika karatasi za mafunjo zilizofukuliwa Misri, za karne za mwanzo za Uislamu, zimo stakabadhi za kodi ambazo zenyewe zinaitwa kwa jina hili hili: baraa. Mkulima aliyelipa aliondoka na kipande chake, ili mtoza kodi mwingine asimdai tena.

Wafanyabiashara nao walikuwa na hati zao. Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya nne Hijria, anasimulia kuwa aliona Awdaghust, katika nchi ya Mauritania ya leo, *sakk* ya deni la dinari 42,000 lililodaiwa na mtu wa Sijilmasa, ng'ambo ya jangwa, ikiwa imeshuhudiwa. Na Nasir Khusraw, aliyefika Basra mwaka 443 Hijria (1051), ameeleza jinsi watu wa soko lile walivyoweka mali zao kwa sarafi, wakapewa hati, na kila wanachonunua wakamlipa muuzaji kwa kumwelekeza kwa sarafi yule. Hati ya Basra ilisimama juu ya mali iliyokwisha kuwekwa. Leo tungeiita kadi yenye akiba nyuma yake. Ama kadi ya mkopo ya siku hizi haina mali ya mwenyewe nyuma yake, bali ina ahadi ya kukopeshwa, na ndani ya ahadi hiyo mna sharti la riba.

Kadi hizi zina historia fupi. Mwaka 1950 ilianza New York kadi ya Diners Club, ambayo mwenye nayo alitakiwa alipe ankara yote. Septemba 1958 Bank of America iliwapelekea watu 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi kwa njia ya posta, bila wao kuomba. Hiyo ndiyo BankAmericard, iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Jipya lake lilikuwa kwamba mtu aliweza kulipa sehemu tu na kuliacha deni lililobaki liendelee kwa riba. Matokeo ya mwanzo yalikuwa mabaya: benki ilitarajia asilimia 4 ya akaunti zichelewe kulipwa, zikachelewa takriban asilimia 22. Uingereza ikafuata kwa Barclaycard mwaka 1966. Utumaji wa kadi zisizoombwa ulileta wizi na madeni mengi, hata Bunge la Marekani likaupiga marufuku mwaka 1970. Basi biashara hii ilianza kwa mlango wa kuingilia uliowekwa wazi mno, hata asiyebisha hodi aliingizwa. Mlango wa kutokea ukaachiwa mtu autafute mwenyewe.

Kauli ya wanazuoni

Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, ililijadili jambo hili katika vikao kadhaa. Katika kikao chake cha 12, Riyadh, Septemba 2000, ilitoa azimio nambari 108 kuhusu kadi ya mkopo isiyo na akiba nyuma yake. Iliamua kuwa haijuzu kutoa kadi hiyo wala kuitumia iwapo mkataba wake una sharti la ziada ya riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa kabla muda wa msamaha haujapita. Ikajuzisha kadi isiyo na sharti hilo, na benki kuchukua ada ya kutoa kadi inayolingana na huduma.

Wapo wanazuoni waliolegeza kwa mwenye haja ya kweli anayelipa yote kwa wakati, hasa katika nchi ambazo mambo mengi hayaendi bila kadi. Hatuingii hapa katika kupima dalili za pande mbili. Lakini hata aliyelegeza amelegeza kwa ajili ya haja. Akaunti ambayo haitumiki haina haja ya kuitetea. Kinachobaki ni mkataba wenye sharti la riba, uliotiwa saini na Mwislamu, unaoendelea kuwa hai kila siku bila faida yoyote kwake.

Tena haumkalii bure. Benki nyingi hutoza ada ya mwaka, kadi itumike isitumike. Isipolipwa hugeuka deni, na deni huzaa. Malipo ya kujirudia, kama vile ya gazeti au simu, huweza kuendelea kukatwa kimyakimya. Namba ya kadi ikiibiwa, mwenye akaunti asiyesoma taarifa zake hachelewi kudaiwa asichokinunua. Na akifa, warithi wanakuta barua ya madai wasiyoijua asili yake, ilhali deni linatangulizwa kabla ya wasia na mirathi.

Namna ya kuifunga akaunti

Kwanza, omba kiasi cha kumalizia deni mpaka siku ya malipo yenyewe, usitegemee taarifa ya mwezi. Aliyekuwa akiburura deni, riba yake huhesabiwa kwa siku. Mfano: taarifa ya tarehe 1 inaonyesha dola 500, kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Ukilipa dola 500 tarehe 21, siku zile 20 zimekwisha zaa takriban dola 6 na nusu, nazo zitatokea katika taarifa ijayo. Wengi hudhani wamemaliza, hawafungui barua tena, na kiasi hicho kidogo kinavuta faini ya kuchelewa. Ama hukumu ya ziada hiyo, mdaiwa haridhii riba wala haihalalishi. Ikiwa sheria ya nchi inamlazimisha, ailipe ili ajitoe, atubie, wala asiache deni liendelee kukua kwa hoja ya kuikataa.

Pili, hamisha au simamisha malipo yote ya kujirudia yaliyofungamana na kadi ile.

Tatu, kama umezidisha malipo na benki ndiyo inayodaiwa nawe, dai haki yako kwa maandishi. Huko Marekani benki inatakiwa irejeshe salio hilo ndani ya siku 7 za kazi tangu ipokee ombi la maandishi.

Nne, ikiwa ulimtolea mke, mume au mtoto kadi ya ziada juu ya akaunti yako, mjulishe na uifute. Katika muda wote ule wewe ndiye mdhamini wa anachonunua.

Tano, toa ombi la kufunga kwa tamko la wazi na kwa maandishi. Kuacha kuitumia si tamko, na kuikata si tamko. Andika tarehe na jina la mfanyakazi aliyekupokea. Huko Marekani, tangu Agosti 2010, kanuni zinakataza benki kutoza faini kwa sababu kadi haikutumika au kwa sababu akaunti imefungwa. Kwingineko soma mkataba wako na uulize.

Sita, dai barua inayothibitisha kuwa akaunti imefungwa na haina deni. Hii ndiyo baraa yako, mfano wa kile kipande cha mkulima wa Misri. Iweke pamoja na hati zako nyingine na umwonyeshe msii wako au mmoja wa jamaa zako.

Saba, ngoja taarifa za mwezi mmoja au miwili inayofuata, uhakikishe zinasoma sufuri. Kisha angalia kumbukumbu zako katika taasisi za taarifa za mikopo, ambazo zipo Kenya na Tanzania pia, uone akaunti imeandikwa kuwa imefungwa. Tumeona kuwa Abdullah bin az-Zubayr alingoja miaka minne. Miezi miwili si mingi.

Baada ya yote haya chukua mkasi uikate kadi, na hakikisha sehemu yenye chipu na namba imeharibika.

Shubha ya alama za mikopo

Baadhi ya ndugu walioko Marekani na Uingereza husema: nikiifunga kadi, alama zangu za mikopo zitashuka. Haya yana ukweli. Kufunga akaunti hupunguza jumla ya mkopo uliowekewa, na kama una deni katika kadi nyingine, uwiano wake huonekana mkubwa. Lakini asiyekuwa na deni kwenye kadi nyingine hana uwiano wa kuharibika. Na huko Marekani akaunti iliyofungwa ikiwa safi huendelea kuonekana katika kumbukumbu kwa muda wa hadi miaka 10, na sifa yake njema haifutiki siku ile. Anayetarajia kupanga nyumba au kuomba kazi inayohitaji kumbukumbu hizo ajipangie wakati wake, wala asiifanye hofu hiyo kuwa sababu ya kuahirisha milele. Kwani kinachopimwa na alama zile ni wepesi wa kukopeshwa tena, na mwenye kutubia riba hatafuti hilo.

Khatima

Ndugu Waislamu, maimamu wetu wamezoea kuuliza mbele ya jeneza: nani anamdai marehemu? Watu wa msikitini hujibu kwa sababu wanajuana. Benki haihudhurii maziko, wala haisikii tangazo la imamu. Kwa hiyo tangazo hilo alifanye kila mmoja wetu mwenyewe angali hai, kwa barua, kwa malipo, na kwa stakabadhi mkononi. Nasi twapendekeza maimamu na walimu wa madrasa waliingize jambo hili katika darsa za muamalat, maana vijana wetu wanafundishwa namna ya kuingia katika deni na kila tangazo la barabarani, na hawana anayewafundisha namna ya kutoka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusafishie dhima zetu kabla ya siku ambayo hapatalipwa kwa dinari wala dirhamu, bali kwa mema na maovu. Wallahu aalam.